Kivuli Kilichofutwa

Ulikuwa mwezi wa tatu tangu Fundi anivishe pete, na wiki ya kwanza tangu nianze kumchukia mwanamke ambaye sikuwahi kuuona uso wake.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vinne na msaidizi mmoja tunayemwita Redio, kwa sababu habari ikimwingia sikioni saa mbili, saa tatu imeshafika mtaa wa pili. Fundi anatengeneza lifti. Siku tano za wiki hushinda ndani ya mashimo ya maghorofa, taa imefungwa kwenye kipaji cha uso, mikono imejaa grisi. Tulikutana siku lifti ya jengo letu ilipokwama nikiwa ndani na ndoo ya taulo. Alizungumza nami kupitia mlango uliofungwa kwa dakika arobaini, akinisimulia habari za kamba na breki ili nisiogope. Mlango ulipofunguka nilikuwa nimeshaipenda sauti. Sura ilikuwa nyongeza tu.

Mama hakumtaka. Hakuwa na neno na kazi yake wala familia yake. Neno lake lilikuwa moja: Fundi alishawahi kuoa, na ndoa ile ilivunjika. Mama, ambaye baba yangu alimwacha mimi nikiwa natambaa, alisema mwanamume aliyetoka kwenye nyumba moja ameshaijua njia ya mlango. Fundi alikuja nyumbani mara mbili kujitambulisha, na mara zote mbili Mama alijifungia chumbani akidai kichwa kinamgonga. Aliniambia wazi kwamba hatakaa meza moja na mtu yule, na kwamba nikitaka kuolewa naye niolewe, ila yeye baraka zake atabaki nazo.

Baridi ilipoondoka na bustani ya manispaa ikaanza kuchanua, Fundi alijinunulia kamera ya mtumba. Alisema amechoka kuangalia kuta za zege, anataka macho yake yaone kitu chenye rangi. Kila Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa na wateja hadi mlangoni, yeye alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi mbele ya maua ya tulipu na irisi, akingojea upepo utulie. Siku za Jumatano jioni alianza kwenda maktaba, kwenye darasa la kujifunza kuhariri picha kwa kompyuta. Alikuja akinieleza jinsi picha iliyopigwa kwenye mwanga hafifu inavyoweza kung'arishwa, jinsi ya kukata kingo zisizotakiwa, jinsi ya kuchukua brashi ya kwenye programu na kufuta waya wa umeme uliopita nyuma ya ua, mpaka ukadhani haukuwepo duniani.

Mwanzoni nilimfurahia. Kisha nikaona kwamba kila sentensi yake ya tatu inaanza na "mwalimu wetu amesema". Mwalimu huyo alikuwa mwanamke. Redio, aliyewahi kumwona, alinipa taarifa bila kuulizwa kwamba ana shingo ndefu, anavaa miwani yenye fremu nyekundu na akicheka watu wote hugeuka. Tangu siku hiyo sikumsikia tena Fundi akitamka neno "mwalimu" bila kuhisi kama mtu ananivuta nywele kwa kitana kibovu.

Jumanne moja alasiri alikuja saluni na kompyuta yake mpakato. Tulikuwa tunatafuta picha ya ua ya kuweka kwenye kadi za harusi yetu. Alifungua folda, akaniambia nichague yoyote itakayonigusa, akapanda ghorofa ya sita kukagua kelele iliyokuwa inasikika kwenye lifti. Nilikaa kwenye kiti cha wateja na kuanza kutazama.

Zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Kulikuwa na tulipu moja nyekundu iliyofunguka nusu, matone ya umande yakiwa bado yameng'ang'ania kwenye petali, nyuma yake nyasi tupu za kijani. Nikasema hii ndiyo. Nikabonyeza ili niikuze, kumbe nimebonyeza ya pili yake, ile aliyoipiga kabla hajaihariri. Tulipu ilikuwa ile ile. Nyasi zilikuwa zile zile. Lakini juu ya nyasi kulikuwa na kivuli cha mwanamke.

Kilikuwa kivuli kirefu, chembamba, kimevaa sketi na kofia pana, kimeinama kidogo kuelekea alipolala mpiga picha, kama mtu anayemnong'oneza. Niliirudia picha iliyohaririwa. Nyasi tupu. Nikarudi kwenye ile ya kwanza. Mwanamke. Alikuwa amemfuta kama alivyofuta ule waya wa umeme.

Nilianza kufungua nyingine. Jumamosi ya irisi za zambarau, kofia pana. Jumamosi ya mpichi uliochanua, kofia pana pembeni ya shina. Jumamosi nne, kivuli kimoja, na kila picha iliyohaririwa ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Fundi aliporudi akijifuta mikono, nilimgeuzia kompyuta nikamuuliza huyu ni nani. Alitazama, akasema ni mpita njia.

Nilimfungulia ya pili. Nikamfungulia ya tatu. Redio alikuwa amezima kikaushio ili asipitwe na neno, na mteja aliyekuwa chini yake hakulalamika. Fundi aliketi kwenye kiti cha jirani, akaitazama sakafu iliyojaa nywele.

"Si mpita njia," alisema hatimaye. "Nimekosea kusema hivyo. Lakini siwezi kukwambia ni nani. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Nikikwambia nimemwahidi nani, nitakuwa nimeshakwambia."

"Basi niambie kitu kimoja. Kwa nini umemfuta?"

"Aliniomba asionekane."

Ningeweza kuvumilia jibu lolote isipokuwa hilo. Mwanamke asiyetaka kuonekana na mchumba wa mtu anajua anachokifanya. Niliivua pete, nikaiweka juu ya kompyuta, nikamwambia mteja wangu anasubiri. Hakunibembeleza. Aliichukua taratibu, akaitia kwenye mfuko wa shati la kazi na kutoka. Nilisuka mistari kumi na minne kwenye kichwa cha yule dada, na yote ilikwenda upande.

Jioni hiyo nilimweleza Mama nikitarajia angalau atafurahi. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini kwa uangalifu, akipapasa kwanza pale meza ilipo, akaniuliza nimemwacha kwa kosa gani. Nilimsimulia habari ya kivuli, kofia, na Jumamosi zote nne. Alikipapasa tena kikombe, hakukinyanyua. Kisha akasema labda si kama ninavyodhani. Nikamjibu kwa hasira kwamba yeye ndiye aliyenionya, sasa mbona anageuka wakili wake. Mama aliinuka, akasema goti linamuuma, akaenda kulala jua likiwa bado halijazama vizuri.

Jumatano nilifunga saluni mapema nikaenda maktaba. Nilijua Fundi hatakuwepo, kwa sababu Redio alisikia kwamba ameomba zamu ya ziada. Nilitaka kumwona mwenye shingo ndefu ana kwa ana. Njiani nilipanga maneno, yote makali.

Nilimkuta anaunganisha nyaya za kompyuta kabla wanafunzi hawajaingia. Miwani myekundu ilikuwepo. Shingo ilikuwepo. Na chini ya shingo kulikuwa na tumbo la miezi minane, na mumewe alikuwa amepiga magoti pembeni akitafuta soketi ya umeme. Maneno yangu makali yote niliyaacha pale mlangoni. Nikajitambulisha kwamba mimi ni mchumba wa fundi wa lifti, nimekuja kumwombea udhuru.

Alinichangamkia kuliko nilivyostahili. Alisema Fundi ndiye mwanafunzi wake wa pekee asiyetaka kupata picha za kusifiwa mtandaoni. Wengine humuuliza namna ya kulainisha ngozi na kupunguza matumbo. Yeye kila wiki huuliza swali lile lile.

"Swali gani?" niliuliza.

"Namna ya kuifanya picha ionekane na mtu ambaye macho yake hayaoni vizuri. Rangi ipi iongezwe, kingo zikazwe kiasi gani. Nilidhani ni wewe," akasema, akiyachungulia macho yangu.

Nilimwambia mimi naona vizuri sana. Nikaondoka.

Kwa hiyo mwanamke wake alikuwa na macho mabovu. Wivu una akili yake ya ajabu. Badala ya kujiuliza mtu huyo anaweza kuwa nani, nilijiuliza Fundi anamshika mkono vipi anapomvusha barabara. Nililala nikiwaza kwamba heri asione kabisa. Ndiyo, niliwaza hivyo, kwa maneno hayo hayo, na sitayasahau.

Jumamosi nilimwachia Redio wateja wote na nikaenda bustanini.

Jua lilikuwa bado liko chini na nyasi zimelowa. Watu walikuwa wachache, mzee mmoja na mbwa wake, wasichana wawili wanaokimbia. Niliipita njia ya waridi ambazo hazijachanua, nikazunguka bwawa, na hapo nikawaona. Walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamenipa mgongo. Kompyuta ilikuwa juu ya mapaja ya Fundi. Kofia pana ilikuwa imeinama karibu kabisa na kioo, na mkono wa Fundi ulikuwa umeshika mkono wa mwanamke, akiuongoza kidole kwa kidole kwenye vitufe, polepole, kwa subira ambayo nilidhani ni yangu peke yangu.

Nilisimama nyuma ya mti wa mpichi mpaka miguu ikafa ganzi. Nilimwona akisema kitu na kofia ikitikisika kwa kicheko. Nami, tangu Jumanne, sikuwa nimecheka. Nikatoka pale nilipojificha nikakata nyasi moja kwa moja, viatu vimelowa.

"Samahani kwa kuwakatisha," nilisema. "Nimekuja kumwona anayefutwa."

Kofia iligeuka. Chini yake alikuwa Mama.

Sikumwelewa kwanza. Nilimtazama kama unavyomtazama mtu wa kwenu ukikutana naye nchi ya mbali. Mama yangu mfupi, mnene kiasi, ambaye jua la asubuhi lilikuwa limemnyoosha likamfanya msichana mwembamba kwenye nyasi. Alivaa sketi yake ya kila siku. Kofia ilikuwa ya Fundi.

"Kaa chini, mwanangu," alisema. "Nimekuja leo kumwambia huyu kwamba namfungua kiapo chake. Umeniwahi tu."

Fundi aliinuka, akanipisha, akaenda kusimama kando ya bwawa. Hakunitazama.

Mama aliniambia kila kitu akiitazama bustani iliyo mbele yake, ambayo kumbe haioni. Kwa miaka arobaini alikuwa mdarizi. Mashuka na vitambaa vya meza vya nusu ya mji vilipita mikononi mwake, na maua aliyoyadarizi yalikuwa na kila unyuzi wa petali. Sindano ya mwisho aliitunga uzi mwaka juzi. Mimi alipoacha nilimpongeza kwamba sasa anapumzika.

"Ni mtoto wa jicho," alisema. "Yote mawili. Taa nikiitazama ina ukungu. Wewe ukisimama mlangoni nakujua kwa hatua zako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka hospitali. Wangenikata. Rafiki yangu niliyekuwa nashona naye alikatwa akarudi haoni hata ule ukungu. Niliona afadhali nibaki na kidogo changu."

Aliendelea kunieleza kwamba Jumamosi ninapokwenda kazini hukaa bustanini kwa sababu rangi bado humfikia, hata kama ni mabaka tu. Siku moja akaona kitu kikubwa cheusi kimelala kwenye kitalu cha tulipu. Akadhani ni mlevi, akamfokea aondoke asivunje maua. Mtu yule aliomba radhi, na kwa sauti Mama akamjua. Sauti aliisikia mara mbili kupitia mlango wa chumba chake.

"Nikataka kuondoka. Akaniambia, Mama, subiri, kaa uone hili. Akanikuzia ua kwenye mashine yake, akaliongezea mwanga, akafanya mambo yake, mpaka likajaa kioo kizima." Mama alinyanyua kiganja chake akakiweka karibu na pua. "Nikaona mishipa ya petali. Nilikuwa nimesahau kwamba ina mishipa. Nililia mbele ya mtu niliyekataa kumfungulia mlango."

"Ukamwapisha."

"Nikamwapisha. Nikamwambia akikwambia kuhusu macho yangu, au akiniacha nionekane kwenye picha, baraka asahau. Halafu ukaja Jumanne na habari zako. Siku tatu nimekuwa nikijiuliza kama nina ujasiri. Yeye hata hakuja kuniomba nimfungue. Nimemkuta hapa leo kama kawaida, amenihifadhia nafasi."

Nilimshika mkono. Nilitaka kuomba radhi kwa yale niliyoyawaza Jumatano, lakini yalikuwa maneno ambayo mama hapaswi kuyasikia, kwa hiyo nililia tu. Yeye alinipangusa kwa kona ya mtandio wake, akikosea shavu mara ya kwanza. Nilimwambia Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa macho, tusikilize kwanza, hakuna atakayemlazimisha kitu. Akasema atakwenda, lakini Fundi aje naye, kwa sababu yule anajua kumweleza mtu jambo mpaka woga ukatoka.

Hapo, katikati ya machozi, nikahisi kitu kikinichoma chini ya mbavu. Mimi ndiye mwanawe. Mimi ndiye ninayelala chumba cha pili. Na mtu aliyeyajua macho ya mama yangu kabla yangu alikuwa mgeni aliyefungiwa mlango.

Nilimfuata Fundi bwawani. Alikuwa anaifuta lenzi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Nisamehe," nilisema.

"Nilikudanganya pale niliposema mpita njia. Hilo ni langu, na mimi ndiye wa kuliombea radhi." Aliifunika lenzi. "Lakini kuna la kwako. Uliniuliza maswali matatu ukanivulia pete. Hukuuliza la nne."

"Lipi?"

"Kama nakupenda."

Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mke wake wa kwanza alimwacha kwa sababu hakuwa akizungumza. Kazi ya peke yake shimoni ilimzoesha kunyamaza hata akiwa nyumbani, mpaka siku moja akarudi akakuta kabati nusu tupu. Baada ya hapo alijifunza kusema kila kitu, ndiyo maana alinichosha na habari za darasa, mwalimu na brashi. Kisha mama yangu akamwomba kitu kimoja tu, anyamaze.

"Nilikuwa na njia mbili za kukupoteza," alisema. "Nikachagua ile ambayo ingemwachia mama yako heshima yake."

"Na sasa umenipoteza?"

"Sasa nina hasira. Usiniharakishe. Hasira yangu si ndefu, lakini nataka iishe yenyewe." Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelala vibaya siku nne. "Pete iko kwenye sanduku langu la zana. Haijaenda kokote."

Nilisema nitangoja. Nikasema pia kwamba naona wivu, na nikamwambia hasa ni wivu gani, maana nilikuwa nimechoka kuuficha: sikumwonea wivu mwanamke yeyote tena, nilimwonea wivu Mama kwa subira aliyoipata, na yeye nilimwonea wivu kwa siri aliyopewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Pembe ya mdomo wake ilisogea kidogo.

"Nifundishe na mimi," nilimwambia. "Kupiga, kukuza, kuongeza mwanga, vyote. Nije kila Jumamosi."

Alitazama kwenye benchi. Mama alikuwa ameivuta kompyuta mapajani mwake, kofia imemwangukia usoni, kidole kimoja hewani kikitafuta kitufe, na midomo ikihesabu hatua alizofundishwa.

"Jumamosi zina mwenyewe," alisema Fundi.

Ilinichoma tena, pale pale. Niliacha ichome.

"Basi nipe Jumapili."

Aliivaa kamera shingoni, akaunyoosha mkanda wake taratibu.

"Jumapili saa moja asubuhi," alisema. "Na usichelewe. Mwanga haumngoji msusi."